Mkalimani wa Pengwini

Jumapili, 28 Juni 1998

Nimekwisha. Nimekwisha kabisa. Naandika haya chooni, maana ndiyo chumba pekee katika flati yetu ya Durban chenye kitasa.

Leo kanisani Pasta Gustave katangaza safari. Ijumaa tunakwenda Port Elizabeth kwa basi, karibu kanisa zima, kuwatembelea wenzetu wa huko. Jumamosi watatupandisha boti hadi kisiwa cha pengwini, asubuhi kwenda, mchana kurudi. Watu wakapiga vigelegele. Nami nikapiga, kimoyomoyo. Mimi kila kitu napiga kimoyomoyo.

Kisha akasimama Maman Agathe, mkuu wa kina mama, mtu wa Bukavu, Kongo, kifua mbele. Akauliza: ule muzungu wa boti atasema Kiingereza, nani atatutafsiria?

Hapa inabidi nieleze. Kanisani kwetu neno halipiti bila mkalimani. Pasta anahubiri Kifaransa, Josias anasimama ubavuni pake akigeuza Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Pasta akipangusa jasho, Josias anapangusa. Mwezi uliopita Pasta alipiga chafya, Josias naye akapiga. Hata tangazo la gari lililoziba geti hutolewa mara mbili na kuitikiwa Amina mara mbili. Kwenda kutazama ndege bila mkalimani? Nani kasikia!

Lakini Josias Kiingereza chake ni "sharp" na "no problem". Ndipo nikaona mkono wa mtu umenyooka hewani. Nikamhurumia mwenyewe. Kumbe ni wangu! Mama kanishika kifundo cha mkono akauinua.

Nyumbani Baba akasema, bila kutoa macho kwenye Kombe la Dunia, kwamba vizuri sana, huo ndio mtihani. Kiswahili nilikuja nacho kutoka shule ya msingi Songea, Kiingereza kanilipia miaka mitatu hapa. Lugha mbili kichwani na hata moja haitoki mdomoni. Nikitafsiri Jumamosi, nabaki Durban. Nikiwa bubu, Januari narudishwa Songea, bweni, kwa masista. Masista, kasema Baba, wana dawa ya aibu.

Siitaki dawa yao! Nataka kubaki. Hapa yuko Lulu, tunakaa dawati moja, mtu pekee nje ya ukoo wetu ninayeweza kuongea naye bila kutazama viatu vyangu. Kumpata ilinichukua mwaka mzima na nusu. Kule nitaanza upya na viatu vipya.

Jumatatu, 29 Juni

Mpango wa Kwanza: kupoteza sauti. Mgonjwa hatafsiri, wala mgonjwa hahukumiwi. Safi.

Asubuhi nikaenda kwenye reli zinakopita treni za Chatsworth ili nipige kelele, treni zikinifunika, mpaka sauti ikauke. Treni ya kwanza: alikuwapo mama mmoja na mikoba. Ya pili: watoto. Ya tatu: yule mama na mikoba alikuwa bado yupo. Ya nne nikapanua mdomo kwa nguvu zangu zote. Ikatoka sauti ya bawaba. Askari wa maegesho akaja kuniuliza nimepoteza nini.

Mchana nikala barafu. Trei mbili nzima. Tumbo likakata, koo likabaki zima. Mama akadhani ni mafua, akakimbia kwa wauza dawa za miti shamba pale soko la Warwick, akarudi na tangawizi na mizizi miwili ambayo hata yeye hajui jina lake. Nimekunywa kikombe. Vikombe vitatu. Sasa sauti yangu iko wazi kama kengele ya shule. Mama analia kwa furaha. Anasema Mungu hachezewi.

Jumanne, 30 Juni

Mpango wa Pili ni wa kisomi. Nimeshangaa sikuanza nao.

Maktaba, saa nne asubuhi hadi saa tisa. Nimesoma kila kitu kuhusu pengwini, nikaandika kurasa nne za Kiswahili sanifu. Yaani nitakuwa nimetafsiri kabla mzungu hajasema! Yeye aseme anachotaka, mimi nitasoma karatasi, macho chini. Wanataga mayai mawili. Hula dagaa. Huoana na mmoja huyohuyo miaka na miaka. Nani atajua kama ndilo alilosema?

Jioni nikapita kwenye meza ya Mama, anapouzia vitenge, Warwick. Maman Agathe alikuwepo anachagua sare ya safari, kwa sababu kina mama wetu hawaendi hata hospitali bila sare. Kachagua kitenge cheusi na cheupe. Nilitamani kusema, lakini sikusema.

Akaniuliza hiyo pengwini ni ndege ao samaki. Nikaiambia miguu yangu kwamba ni ndege, ila haruki, anaogelea. Akafikiri sana. "Na iko na nyama?" Nikasema sijui. Akamgeukia Mama: "Mama Blandina, mutoto ananongona na viatu. Siku ya boti atatafsiria nani, soksi?"

Wauza nyanya wote wakacheka. Hata mteja.

Alhamisi, 2 Julai

Jana sikuandika. Jana nilijaribu kurasa zangu mbele ya kioo. Nikamwonea aibu yule msichana wa kwenye kioo.

Kwa hiyo Mpango wa Tatu: Josias. Nimemfuata dukani anakouza kadi za simu. Nimezunguka robot, zile taa za barabarani, mara sita kabla ya kuingia. Nikampa pendekezo kwa karatasi, kwa maandishi, ili nisiseme: mimi nitasimama nyuma yake na kumnong'oneza, yeye angurume. Baba ataambiwa tulitafsiri wote.

Josias akasoma, akakunja karatasi, akatabasamu kwa huruma. Hakuna kitu kibaya kama huruma ya Josias. Akasema atakubali, bien sûr, bila shaka, maana kazi hii tangu mwanzo ilikuwa yake. Kiingereza, kasema, ni maneno tu, mtu yeyote anaweza kuyaokota; lakini ukalimani unatoka tumboni. "Na weye, ma petite, mutoto mudogo, tumbo hauna."

Mimi! Sina tumbo! Tumbo lililobeba trei mbili za barafu!

Nikamnyang'anya karatasi yangu, nikamwambia mkataba umevunjika, nikatoka kichwa juu. Nikagonga mlango wa kioo.

Nimefika nyumbani na kutambua nilichofanya. Eish.

Ijumaa, 3 Julai. Port Elizabeth

Siku nzima basini. Nilikuwa mtulivu ajabu, kurasa zangu nne zikiwa salama ndani ya mfuko wa Mama, ule mkubwa, chini ya kanga.

Tulipopita Umtata njaa ikaingia. Mandazi yakaanza kugawiwa, kila mtu lake limefungwa kwenye karatasi nadhifu. Nikala la kwangu kwa hamu. Nilipofika katikati nikasoma kwenye karatasi: "wanataga mayai mawi".

Nikasimama. Basi zima linatafuna utafiti wangu! Maman Agathe alikuwa amekosa kitu cha kufungia, akaona karatasi "za bure", akazichana vipande. Ndoa za pengwini zilikuwa kwa Pasta, mafuta tupu, hazisomeki. Kipande cha ukurasa wa tatu kapewa dereva, naye alishakitupa dirishani. Josias alikuwa anajifutia midomo kwa ukurasa wa dagaa.

Nikakaa. Mama akaniuliza kama nataka la pili.

Sina karatasi. Sina Josias. Nina sauti nzuri mno. Masista, nakuja.

Jumamosi, 4 Julai

Niende taratibu.

Saa tatu tulipanda boti, watu ishirini na wanne, kina mama wote kwenye sare, weusi kwa weupe. Kapteni, mzee mwenye sharubu za manjano, akatutazama kwa muda mrefu. Akageuka kufungua kamba. Ni mtu mwenye adabu.

Bahari ilikuwa inapanda na kushuka. Dakika kumi tu, Josias akaomba ndoo. Namwandikia hapa kwa herufi kubwa: TUMBO.

Kapteni akazima injini kidogo, akanisimamisha ubavuni pake, akasema sentensi moja ya Kiingereza. Niliielewa yote, hadi nukta. Akanisubiri. Watu wakanisubiri. Mama akafumba macho, midomo inacheza. Najua alikuwa anasali. Nikapanua mdomo.

Hakuna. Hata bawaba haikutoka.

Mtu mmoja nyuma, kwa mazoea tu, akaitikia Amina. Kapteni akasema sentensi ya pili. Nikapanua mdomo tena, kama samaki. Amina, wakasema wachache zaidi, lakini kwa mashaka. Nikamwona Mama kafumbua macho. Hakukasirika. Alikuwa na huzuni, kama mtu anayekunja nguo za mtoto na kuziweka kwenye sanduku. Hapo ndipo nilipojua kwamba kweli nakwenda.

Kisha ikaja harufu. Kisha kelele.

Vitabu vyote vile na sikuliandika hili hata mstari mmoja: pengwini wa huku wanalia kama punda! Si kama mfano. Punda hasa, yule anayevuta pumzi kwanza halafu anaachia. Na walikuwa maelfu, wamesimama juu ya miamba, vifua mbele, wote wanalalamika kwa pamoja. Maman Agathe akapiga kelele kwamba tumeletwa kwa punda. Nilijua kwa kusoma midomo yake tu, maana sauti haikufika.

Kapteni akaendelea na hotuba. Hasikiki hata kwangu. Akanigeukia. Basi nikafungua mdomo, nikasema jambo la kwanza lililokuja, kwamba wanataga mayai mawili. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama akatikisa pia, lakini amechelewa, anafuata wenzake. Ndipo nikaelewa.

Hawanisikii! Hata mmoja!

Sijui nieleze vipi. Ni kama mtu kunivua koti zito. Nikanyanyua mikono kama Josias. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba hotuba za Pasta Gustave ni ndefu mno. Nikashusha mikono, midomo yote ikasema Amina! Nikasema nilikula barafu trei mbili. Amina! Nikasema Josias ananuka manukato ya mjomba wake. Amina, na Pasta akafumba macho kwa kuguswa. Kapteni akapangusa paji la uso, nami nikapangusa. Nilikuwa moto! Nikapaza zaidi, mikono yote juu, na boti ikawa inazunguka mwamba mkubwa, na upande wa pili wa mwamba hapakuwa na pengwini hata mmoja. Kelele zikakatika kama redio iliyochomolewa. Ikabaki sauti yangu peke yake juu ya maji yote yale:

"NA SONGEA SIENDI! NITAKUFA KWA UPWEKE! NATAKA KUBAKI NA BABA NA MAMA!"

Maji yalipiga boti: plip.

Maman Agathe akatazama mbingu, akanyanyua mikono miwili. "Amina!" Na boti nzima: "Amina!" Josias, kichwa ndani ya ndoo, akatafsiri yote kwa Kifaransa kwa ajili ya Pasta. Kazi ni kazi.

Kapteni akaniuliza nimesema nini. Sikuwa na cha kuficha tena, nikamweleza kwa Kiingereza, wote wakitazama. Akasema yeye aliwekwa bweni miaka saba, na ndiyo maana leo anaishi na ndege. Nikawatafsiria hilo. Kwa sauti! Wakacheka. Maman Agathe akaleta swali lake la nyama, nikalipeleka kwa Kapteni. Akajibu kwamba nyama haifai, ila zamani watu walikula mayai. Nikalirudisha. Maman Agathe akaridhika: "Basi iko kuku ya mayi." Mayi kwao ni maji.

Hadi gatini Mama alinishika kifundo kilekile, na safari hii hakukiinua.

Jumapili, 5 Julai

Ibada imefanyika basini, Pasta akiwa ameshika kipaza sauti cha dereva. Ilikuwa ndefu. Sijasema kitu.

Tumefika. Baba alikuwa anatusubiri chini, mlangoni pa ghorofa, bado na ovaroli ya kiwanda cha Jacobs. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniomba nimsogelee. Akasema Maman Agathe amempigia simu kutoka Port Elizabeth na kumweleza kila kitu, pamoja na lile la upweke. Akakohoa. Akasema yeye hakujua. Alidhani nikinyamaza ni kwamba sihitaji mtu. Akasema kelele za namna ile masista hawataziweza, basi nibaki.

Nibaki! Nimemkimbilia Lulu orofa ya juu nikasahau viatu.

Jumanne, 7 Julai

Siku mbili za amani. Nimekula sahani mbili za wali. Baba kaniuliza maswali matatu mezani na mimi nimejibu mawili.

Mchana akaja Pasta Gustave. Anasema ukalimani wangu boti nzima imeusifu. Maman Agathe mwenyewe anawasimulia watu mambo ya ajabu ya pengwini ambayo anaapa aliyasikia kwangu. Kwa hiyo Jumapili kuna mhubiri mgeni kutoka Pietermaritzburg, anahubiri Kiingereza, saa mbili nzima bila kupumzika, na atakayesimama naye ni mimi.

Mtu mwingine angesema tu: Pasta, nisamehe, naogopa. Lakini ya nini, wakati mtu ana akili?

Nimemwandikia mhubiri barua ya Kiingereza safi kabisa. Nimemweleza kwamba waumini wetu wote, wazee kwa watoto, wanaelewa Kiingereza vizuri sana, na kwamba kuwatafsiria ni kuwatukana. Nimetia sahihi ya Pasta Gustave, imetoka nzuri kuliko ya kwake. Nimeitia posta kabla hawajafunga.

Sioni inavyoweza kuharibika.