Tairi Nyembamba za Kuazima

Theluji ya kwanza ikidondoka Kajaani, mji mzima unatafuta jeki ya kufungia tairi za theluji. Wengine wanaona theluji, Jouko Sirviö anaona mboga.

Mchezo wake mfupi. Anakuletea rimu pana, inchi kumi na nane, zinang'aa kama kioo, zimevaa tairi za kiangazi zilizokwisha. Anabeba zako nyembamba za misumari inayouma barafu, mpya. Huongezi hata senti! Na watu wanakubali, maana kinachong'aa kikiwa cha bure, akili inakwenda likizo.

Jumanne hiyo gari lake la mizigo lilikuwa na seti kumi na moja, mnunuzi anamsubiri ng'ambo ya kilima cha kanisa. Angepita tu. Lakini chini ya kilima, uani kwa mjane Irmeli, akaona seti ya kumi na mbili.

"Mama, nyembamba hizi zinazama kwenye theluji mpaka chini! Pana inaelea."

"Chini si ndiko barabara iliko?"

"Hayo ya zamani, mama. Sayansi imehama."

Irmeli akalitazama gari. "Mbona lako limevaa nyembamba, inchi kumi na tano?"

"Hizo? Za kuazima tu." Hata kope haikutikisika.

"Aa. Basi pakia. Ila kahawa kwanza."

Huko kwao, kukataa kahawa ya mwenye nyumba ni kumtukana, na kikombe kimoja hakihesabiki. Jouko akashusha rimu pana uani, akaingia, akanywa vitatu na mikate ya iliki, huku akisimuliwa figo za marehemu mume: ya kulia, halafu ya kushoto. Nje, Tuula, dada yake Irmeli, aliyefungua nati za magari ya mashindano miaka thelathini, alikuwa kazini.

Jouko akatoka mbio, akatupia seti ya Irmeli nyuma, akawasha, magurudumu hata hakuyatazama. Katikati ya kilima gari likasita, likawaza, likaanza kurudi kinyumenyume kwa adabu, kama mtu anayetoka mbele ya askofu, mpaka kwenye lundo la theluji uani kwa Irmeli.

Akashuka. Rimu zinamng'aria.

"Mmenifunga nini?"

"Pana," Tuula akasema. "Haya, elea."

"Zangu ziko wapi?"

"Zako zipi? Si za kuazima?"

"Nimewapigia wenye tairi zao," Irmeli akaongeza. "Wanakuja kwa miguu. Magari yao hayatembei."

Kweli, mwisho wa barabara watu kumi na mmoja walikuwa wanakuja, na hawakuonekana kuja kunywa kahawa.

"Basi niazimeni, jamani! Nawasihi!"

Tuula akazungusha spana. "Fungua mlango wa nyuma."

Dakika nne baadaye Jouko alipanda kilima bila kuteleza hata kidogo, gari jepesi kama karatasi. Ng'ambo, mnunuzi akampungia mkono, akakimbilia kufungua nyuma. Ndani mlikuwa na mfuko mmoja wa mikate ya iliki, bado ya moto. Irmeli alikuwa amemfungashia.