Mwaliko wa Pili

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Nimerudi kutoka ghalani nikiwa hoi. Lori la magodoro lilikuja saa ya kufunga, kama kawaida yake. Nyumbani hakuna aliyenipokea. Binti yangu mkubwa, Mheshimiwa, yuko chumbani na mlango umefungwa. Tunamwita Mheshimiwa tangu alipotimiza miaka kumi na mitano, kwa sababu kumwona ni mpaka upangiwe siku.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili ya wiki ijayo kuna mashindano ya hotuba shuleni kwao. Kila msemaji amepewa kadi mbili za mwaliko. Ya kwanza amempa mama yake, na imeshabandikwa kwenye friji ili nami niione kila ninapotaka maji. Ya pili haijulikani iliko. Mimi ndiye baba. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema neno lake la kwanza, japo mama yake anadai neno hilo lilikuwa "sitaki".

Nilisimama nje ya mlango nikamuuliza kama ana lolote la kuniambia. Akasema, "Baadaye, baba." Wiki hii nimepewa "baadaye", "sawa" na "sijui". Akufukuzaye hakuambii toka.

Baada ya chakula, Redio akarusha habari. Redio ni mwanangu wa pili, ana miaka kumi na miwili na hajawahi kusikia jambo akalimeza. Alisema mjomba wake amepeleka shati jeupe kwa dobi. Mjomba wake! Yaani shemeji yangu, Kinyozi, kaka wa mke wangu, mtu ambaye watoto wangu humwambia kila kitu kwa sababu tu huwa amewashika kichwa. Shati jeupe la nini, kama si la Jumapili ile? Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimewaza sana. Ghalani kwangu hakuna milango ya ndani. Ukisimama mlango mkubwa unaliona kila godoro, na hakuna godoro linalonificha jambo. Tatizo la nyumba hii si malezi, ni mbao. Kesho nautoa ule mlango.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Asubuhi nimetangaza kwamba mlango wa Mheshimiwa unakwaruza sakafu na unahitaji kurandwa. Mheshimiwa alisema haukwaruzi. Nikamwambia mkwaruzo wa aina hii husikiwa na watu wazima tu.

Bawaba ya juu ilitoka vizuri. Ya katikati nayo ikatoka vizuri. Ya chini sikuifikia, maana mlango haukuningoja. Uliniangukia begani, ukagonga ukuta, ukaangusha picha ya harusi. Mke wangu ni mkunga, na alikuwa ametoka zamu ya usiku. Alitokea na shuka begani, jicho moja limefunguka. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo pa kuogopa. Aliuliza nafanya nini. Nikasema naranda mlango. Akauliza randa iko wapi. Sina randa.

Nikaamua kuurudisha. Skrubu hakuna. Mkaguzi, kitindamimba wetu wa miaka mitano, alikuwa amezikagua zote na kuzitumbukiza chooni mojamoja ili asikie zinavyolia.

Mke wangu akatoa hukumu akiwa amesimama palepale. Mheshimiwa atalala naye kwenye chumba chenye mlango. Aliyeng'oa atalala palipong'olewa. Kitanda cha Mheshimiwa kinaishia kwenye magoti yangu, na godoro lina shimo katikati. Mimi, msimamizi wa ghala la magodoro!

Na Mheshimiwa mwenyewe? Hakulia wala hakugomba. Alisema "sawa", akachukua karatasi za hotuba yake, akavaa viatu. Nilimuuliza anakwenda wapi. Kwa mjomba, alisema, kule kuna utulivu.

Saluni ya kunyolea, tena siku ya Jumamosi, ina utulivu kuliko nyumba yangu.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Nimeamshwa alfajiri na Mkaguzi, amenikalia tumboni. Alitaka kujua nywele za puani zikikua sana huwa zinaelekea wapi. Sikuweza kumfungia mtu. Baadaye Redio alipita, akachungulia, akauliza kama nimefukuzwa au nimehama. Nilimwambia hilo si swali la mtoto. Alikwenda kumuuliza mama yake.

Kinyozi hufungua Jumapili asubuhi, kwa hiyo Mheshimiwa alikwenda tena. Redio alimfuata, akarudi na taarifa kamili. Dada yake anasimama katikati ya saluni na kuwahutubia wateja, nao wamefungwa shuka shingoni, hawawezi kukimbia. Mjomba anazima mashine ili asikike. Akimaliza, wanapiga makofi ndani ya shuka. Yaani binti yangu nimempeleka kwa Kinyozi kwa mikono yangu mwenyewe! Iliniuma. Nilikaa jikoni nikala mkate mkavu, sikutaka hata chai.

Kisha nikapata wazo. Redio akisikia kitu mara mbili hakimtoki tena. Kwa pakiti moja ya biskuti alinighania hotuba nzima, na kwa nusu pakiti ya pili akairudia polepole. Inahusu bomba la maji lililo uani pa shule yao. Linavuja tangu Mheshimiwa alipoanza shule pale, na kila mtu hulipita akiinua suruali asipate matope. Hotuba nzuri, siwezi kukataa. Nimeishika yote kichwani. Ila ina upungufu. Haina methali hata moja, na hakuna popote inapomtaja mzazi.

Nimeandika maboresho, kurasa nne. Nilitaka kuyasukuma chini ya mlango, nikakumbuka. Nikayatia kwenye begi lake. Jioni yalirudi. Alikuwa amenisahihishia kwa wino mwekundu, na mwisho kabisa ameandika, "Asante, baba. Hapana."

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Wiki nzima natembea nimepinda. Ghalani wananiuliza kama nimebeba mzigo.

Leo nimerudi nikakuta mlango umesimama mahali pake, unafunguka bila sauti. Nikadhani mke wangu ameita fundi. Kumbe ni Kinyozi aliyemtuma seremala, mteja wake, na kazi imekwisha kabla chai haijachemka. Halafu akanipigia simu kuniambia nisijali shemeji, ndiyo mambo ya kusaidiana. Wema wa namna hii ni uchokozi. Nilimshukuru kwa sauti ya mtu mwenye jino bovu.

Mheshimiwa amerudi chumbani kwake. Nimesikia ufunguo ukizunguka. Kadi ya pili bado haijaonekana. Nimeitafuta juu ya friji, nyuma ya friji na ndani ya friji. Mke wangu alinikuta nimeinamia mboga, akaniuliza kwa nini nisimwombe mtoto kwa mdomo wangu, yaishe. Nimwombe! Baba haombi. Baba hupanga.

Redio anasema dada yake ameshazoea wasikilizaji, kwa hiyo kesho atafanya mazoezi ya mwisho kulekule saluni. Basi nami kesho nakwenda kunyolewa. Nitatangulia kufika, nitafunikwa taulo la moto usoni, na nitasikia kila wanachopanga. Mkeka nimeshautandika, kilichobaki ni waje wakae.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Kinyozi alifurahi kuniona, jambo ambalo liliniudhi tangu mwanzo. Nikaomba ndevu, na taulo la moto likae sana. Akauliza sana kiasi gani. Nikamwambia afanye kazi yake. Alinyoa shavu la kushoto, akanifunika.

Mheshimiwa akaingia, akawasalimia wateja wote kwa pamoja. Niliitikia kwa sauti nzito ya mzee nisiyemjua. Akaanza. Chini ya taulo kulikuwa na giza tupu, na sauti ile ikanijia. Sikujua kwamba mtoto wangu ana sauti ile. Nyumbani hunipa neno moja na kulifungia mlango. Hapa alikuwa akiwapa watu waliopakwa povu maneno yote aliyo nayo, bila kuwapimia. Nilijivuna, na papo hapo nikaona wivu, na joto la taulo lilizidisha vyote viwili.

Akafika mahali anaposema, "Viongozi wetu hupita hapa kila siku." Katika maboresho yangu nilieleza wazi kwamba hapo panahitaji "viongozi wetu wapendwa", kwa sababu majaji ni watu wa kubembelezwa. Sikukusudia kusema. Mdomo ulisema wenyewe.

"Wapendwa!"

Taulo likainuliwa. Nilikuwa na shavu moja safi na jingine la ndevu, na binti yangu amesimama mbele yangu na karatasi zake.

Heri angekasirika. Alisema tu, "Ndiyo maana, baba." Kisha akanieleza, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Mwaka jana alipokuwa akisoma shairi, nilisimama nikamwomba jaji amruhusu arudie kwa sauti ya juu. Kwenye mbio za shule nilikimbia kando yake nikimwelekeza kona. Alisema akiniona katikati ya watu hasikii tena anachosema yeye, ananisikia mimi tu. Ningeweza kujibu kwamba kona ile ilikuwa mbaya kweli. Lakini sauti yake ilianza kutetemeka, akaanza kukunja karatasi, na wateja wakaangalia pembeni.

Hapo ndipo Kinyozi akanitetea. Alisema baba ni baba hata akiwa na nusu ya ndevu. Alisema yeye Jumapili ana harusi ya mteja wake, ndiyo ya lile shati, na hata asingekuwa nayo, kiti kile si chake. Alimwomba mpwa wake anipe nafasi. Nimeombewa na Kinyozi! Mbele ya watu! Na bado alikuwa hajanimalizia shavu.

Mheshimiwa akatoa kadi kwenye mfuko wa sketi. Ilikuwa imechakaa kona, maana ametembea nayo siku zote hizi bila kuamua. Akaweka sharti moja: nikae kimya, hata kukohoa nisikohoe. Niliapa, na wateja wote wakawa mashahidi. Nimerudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimeishika mkononi, sikutaka kuitia mfukoni.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Tulikaa safu ya tatu, mimi na mke wangu. Redio na Mkaguzi tuliwaacha kwa jirani. Wasemaji watatu wa kwanza walipita nami nimetulia kama maji mtungini. Mzee mmoja nyuma yangu alipiga chafya, nikamgeukia na kumkazia jicho. Wengine hawana adabu.

Mheshimiwa akapanda jukwaani. Alinitafuta kwa macho mpaka akaniona. Nikajibana midomo kwa vidole viwili ili aone kwamba nakumbuka. Akatabasamu. Kidogo, lakini kwangu mimi.

Akaanza, na alianza vizuri. Alipofika kwa viongozi, sikusema wapendwa. Niliuma leso. Mke wangu alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama siku nyingi, nikajua naheshimiwa. Kisha Mheshimiwa akafika katikati ya hotuba, akainua mkono, akasema, "Sikilizeni."

Akanyamaza.

Akaendelea kunyamaza. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, watu wameinua shingo. Mimi niliijua sentensi inayofuata, nilikuwa nayo mdomoni: "Tone moja, na tone jingine, na mwaka unakwisha." Redio hakuwa amenighania kimya chochote. Nilimwona mtoto wangu peke yake kule juu, amesahau, na macho yote yako kwake. Ningekuwa baba wa namna gani? Mke wangu alinishika goti. Alichelewa.

Nilisimama. "Tone!" nikasema kwa nguvu. "Tone moja!"

Mama mmoja wa safu ya mbele ndiye aliyegeuka na kunifahamisha, tena kwa ukali. Madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi. Nje, uani, lile bomba lenyewe lilikuwa likidondosha maji, na watu wote walikuwa wanalisikia. Ndicho alichowaambia wasikilize.

Ukumbi ulicheka mpaka majaji wakagonga meza. Mheshimiwa alingoja kicheko kiishe. Akasema, "Yule nimemwalika mwenyewe," wakacheka tena, safari hii kwa upole, naye akamaliza bila kukosea neno. Amekuwa wa pili. Jaji mkuu alisema angekuwa wa kwanza kama si usumbufu uliotokea katikati, na akaniangalia, kana kwamba ni mimi peke yangu niliyekuwamo ukumbini.

Tulipofika nyumbani Mheshimiwa alisimama mbele yangu na cheti chake. Macho yalikuwa mekundu lakini hakuwa na chuki. Akasema, "Baba, nilisema sikilizeni."

Nilimwambia nilikuwa nasikiliza, ndiyo maana niligundua amenyamaza. Akaingia ndani.

Sasa niko jikoni peke yangu, na jambo hili nimelipima kwa haki, bila kujipendelea. Nakubali, kosa ni langu. Nilikaa kimya mno, halafu nikaingia ghafla, kila mtu akashtuka. Mwakani nitaanza kumsaidia tangu sentensi ya kwanza.