Bei ya Kalemie

Tuliisikia honi kabla hatujaona kitu. Honi tu, bila injini. Ililia nyuma ya duka la chumvi, ikanyamaza, ikalia tena karibu zaidi, na sisi tuliokaa kwenye benchi la Régina, muuza chai, tukaweka vikombe chini, kwa sababu hapa Kasongo pikipiki inayopiga honi bila kunguruma ni ya mtu mmoja tu.

Sukuma akatokea kwenye kona. Alikuwa ameinama juu ya usukani, anasukuma kwa kifua na kupiga honi kwa kidole gumba. Juu ya kiti alikaa Mama Odile, kikapu cha samaki mapajani, ametazama mbele kama mtu aliye safarini.

"Mama Odile, shuka basi," Régina akamwambia. "Muangalie mutoto wa watu, jasho inamumaliza."

"Nililipa mpaka sokoni. Hapa ni sokoni?"

"Soko iko pale, kwenye mabati."

"Basi."

Sukuma akapiga honi, akamfikisha kwenye mabati, akamteremsha kwa heshima, akarudi kwetu na kuiegemeza pikipiki kwenye mti wa waya kama mgonjwa anayesubiri zamu.

Jina lake la ubatizo ni Chadrack, lakini linatumiwa na mama yake na mchungaji tu. Pembeni ya Sukuma alikaa Bulaimu, tunayemwita Douane, kwa sababu aliwahi kufanya kazi ya ushuru bandarini Kalemie. Kwa kweli alibeba magunia tu, masika moja, lakini ukimsikiliza utadhani ndiye aliyekuwa anafunga na kufungua ziwa. Baiskeli yake ilikuwa imesimama mbele yake, mahali anapoweza kuiona. Kiti chake bado kina nailoni ya dukani. Nailoni hiyo imegeuka njano kama jino la mvuta tumbaku, na Douane hajamruhusu mtu kuigusa. Wa tatu ni Élysée, tunayemwita Mega, kwa sababu simu yake inakamata mtandao mahali ambapo zetu zinakamata saa tu. Mimi wananiita Beti. Ninatunga mashairi, hakuna shule iliyonifundisha, na anayesema vina vyangu vimepinda alete vyake tupime.

"Mulisikia redio asubuhi?" Mega akauliza.

"Redio ilisema nini?"

"Inchi za wenzetu, mutu akitaka kununua gari mupya, hasumbuki kugombana bei kwa mudomo. Anauliza telefoni. Telefoni inamwambia bei ya kweli. Anaenda kumuonyesha muuzaji. Muuzaji akiiona, anaifuata."

"Anaifuata bila kuapa?" Régina akauliza.

"Bila kuapa."

"Bila kusema watoto yake watalala njaa?"

"Hasemi kitu. Anafuata."

"Huyo si muuzaji," Douane akasema. "Huyo ni shemasi."

Tukacheka wote isipokuwa Sukuma. Yeye alikuwa anaangalia ng'ambo ya barabara, kwenye duka la Muzee Ayoubu, ambako pikipiki nyekundu ilikuwa imewekwa mlangoni, kiti chake kimefunikwa nailoni inayong'aa.

Shida ya Sukuma tuliijua sote. Mchumba wake Rosine yuko Wamaza. Mwezi uliopita Sukuma alikwenda kumchukua mama mkwe, Mama Sidonie, aje kusalimia ukoo wa bwana harusi. Kwenye mlima wa kwanza injini ilizimika. Kwenye mlima wa pili Mama Sidonie alishuka, akakaza kitenge chake kipya, akasukuma. Mama mkwe alisukuma, na watu waliokuwa wanatoka shambani walimuona. Alipofika Kasongo hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba binti yake hatatoka nyumbani kwake ila juu ya moto, yaani pikipiki, ambayo kiti chake bado kina nailoni. Jumamosi hii ukoo wa Rosine utakusanyika. Nailoni ikikosekana, watakula chakula chao wenyewe na Rosine atabaki jikoni kwa mama yake.

Sukuma alikuwa amekusanya dola elfu moja na mia moja. Muzee Ayoubu alitaka elfu moja na mia tatu. Tunamwita Dernier-Prix, kwa sababu hutamka bei ya mwisho kabla hujauliza ya kwanza, na hapa mjini hakuna mwingine anayeuza pikipiki mpya.

"Mega," Sukuma akasema, "iulize."

Mega akapanda juu ya benchi, akainua simu kuelekea mbinguni, akaishusha, akapapasa.

"Inauliza muji."

"Kasongo."

"Kasongo haiko. Iko Kassel."

"Kassel ni wapi?"

"Sijui. Inaanza kama ya kwetu."

"Weka."

"Inauliza kama unataka usukani wa kupasha mikono, sababu ya theluji."

"Weka," Douane akasema. "Kule Kabambare asubuhi baridi iko."

"Inaongeza bei."

"Toa. Atavaa soksi mu mikono."

"Inauliza kila siku unapita kilometa ngapi za lami."

Tukatazamana.

"Andika sifuri," Régina akasema.

"Inakatala sifuri."

"Basi iambie tunangoja."

Mega akaandika kitu, simu ikafikiri, ikazunguka, ikafikiri tena. Kisha akasoma polepole, "Mia saba."

Régina akaacha kupepea makaa. Dola mia saba, pikipiki nzima, na kiti.

"Na inatoa shauri," Mega akaendelea. "Andikia wauzaji watatu. Kila mumoja umuonyeshe bei ya mwenzake. Watashuka wenyewe."

Sukuma akaangalia ng'ambo. Kushoto kwa Dernier-Prix kuna kinyozi. Kulia kuna duka la chumvi.

"Watatu nitawatoa wapi? Iko mumoja."

"Tutazaa wa pili," Douane akasema. "Kalemie. Nani hapa anajua Kalemie kunishinda? Mia saba hatasadiki, tumwambie mia tisa."

Ndivyo ilivyozaliwa, kati ya kikombe cha pili na cha tatu, nyumba ya biashara iitwayo Tanganyika Mbele. Ilikosa namba ya simu tu. Dernier-Prix anazo namba zetu zote, kwa sababu sote tulishamuahidi kitu. Iliyobaki ni laini ya pili ya Sukuma, anayoitumia kwa watu wa Wamaza peke yao. Alisita, kisha akaitoa na kasimu kake kadogo, akamkabidhi Douane.

"Ikilia, angalia kwanza ni nani."

"Mimi nimefanya kazi ya ushuru," Douane akasema. "Kuangalia ndiyo kazi yangu."

Tangazo niliandika mimi.

*Moto yenye nailoni, haijaguswa na tope,*
*mia tisa mkononi, na zingine usikope.*

Sukuma akamtumia Dernier-Prix pamoja na namba ya kasimu, akaongeza: Muzee, watu wa Kalemie wameniambia hivi, weye unasemaje. Tukainamisha vichwa kwenye vikombe na kumchungulia kwa juu. Dernier-Prix alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Alitoa simu, akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Kisha akainuka, akatugeuzia mgongo.

Kasimu kakalia mkononi mwa Douane. Douane akasimama, akakohoa, akanenepesha sauti.

"Tanganyika Mbele, Kalemie, ninasikiliza."

"Habari ya Kalemie?" Sauti ya Dernier-Prix ilitoka kwenye simu, na nusu yake ilitufikia moja kwa moja, kwa sababu barabara yetu si pana.

"Nzuri, Muzee. Ziwa imelala."

"Nimeona bei yenu. Sikujua kama Kalemie munauza kwa vina."

Nikataka kumjibu. Mega akanivuta shati, nikakaa.

"Ndiyo mutindo ya sasa," Douane akasema.

"Vizuri. Ninataka kumi."

Douane akaziba simu kwa kiganja. "Anataka kumi."

"Muambie zimeisha," Sukuma akanong'ona.

Lakini tangu Douane azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumuomba vitu kumi kwa mpigo. Shingo yake ikavimba. Akaondoa kiganja.

"Kumi ziko."

"Kwa mia tisa, mpaka hapa Kasongo?"

"Apana, Muzee. Mia tisa ni pale ziwani. Mpaka Kasongo iko transport."

"Ah. Na bariere ya Nyunzu, wale wa kamba barabarani?"

"Nyunzu wanataka yao, ndiyo."

"Na Kongolo?"

"Kongolo usiseme. Kongolo wanahesabu hata vioo."

"Na Wamaza?"

"Wamaza iko kamba mbili. Ya kwanza ya kuingia, ya pili ya kuuliza kama ulilipa ya kwanza."

"Na mvua?"

"Mvua nayo iko na ushuru yake."

Sukuma alikuwa anamvuta mkono wa shati. Douane alimpiga kofi dogo kama anayefukuza nzi. Alihesabu kwa vidole vyake, vikaisha, akaazima vya Mega.

"Yote pamoja, kila moto, elfu moja mia ine na makumi tano."

"Punguza kidogo, patron."

"Muzee," Douane akasema, akafumba macho kwa utamu, "hiyo ndiyo dernier prix."

Sukuma akashika kichwa. Régina, ambaye alikuwa anamimina, akauliza kama kawaida yake, "Douane, niongeze sukari?"

"Ongeza."

"Haya," simu ikasema, "nimekubali. Na sukari, muongeze."

Ikakatika.

Dernier-Prix akavuka barabara bila haraka, amevua miwani, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kuoga. Tukamsogezea nafasi. Akakataa kukaa.

"Sukuma, mutoto yangu. Umeniletea bei ya telefoni."

"Ndiyo, Muzee."

"Redio ilisema muuzaji akiiona, anaifuata. Ao nilisikia vibaya?"

"Ulisikia vizuri."

"Bon. Nimeiona. Elfu moja mia ine na makumi tano. Ninaifuata."

Nikasimama, na safari hii Mega hakuniwahi. "Muzee, huo ni unyang'anyi. Mutu anatafuta bibi, weye unamupandishia bei mbele ya watu."

"Unyang'anyi gani? Mimi nilikaa na elfu moja mia tatu yangu, kimya, ninakula karanga. Ninyi munaniamsha na mashairi."

"Telefoni ilisema mia saba," Mega akasema.

"Wapi?"

"Kassel."

"Mupande muende. Mukirudi mupitie bariere za Douane."

"Mimi nilikuwa ninalinda hadhi ya Kalemie," Douane akasema. "Ningesema mia tisa mpaka Kasongo, wangetuona wajinga."

"Wangekuona nani?" Régina akauliza. "Kalemie ni weye na hii sufuria yangu ya chai."

Sukuma hakugombana. Alikwenda akakaa juu ya pikipiki yake iliyokufa, miguu chini, mikono kwenye usukani.

"Jumamosi," akauambia usukani.

Hata Dernier-Prix alikuna ndevu. Si mtu mbaya, ni muuzaji.

"Ninaweza kurudi kwenye ile ya zamani," akasema. "Elfu moja mia tatu. Kijana anazo elfu moja na mia moja. Mia mbili zinazobaki, Kalemie izibe, sababu Kalemie ndiyo imenisumbua." Akageuka kuangalia baiskeli ya Douane. Darlène, binti wa Dernier-Prix, anafundisha Nyangwe na hana usafiri, na kila wiki baba yake humwulizia Douane baiskeli hiyo, na kila wiki hupewa jibu moja. "Hii kinga yako, hii baiskeli, ingetosha."

"Hii kinga haina bei," Douane akasema.

"Uliza telefoni," Régina akamwambia.

Hapo hapo kasimu kakalia. Bado kalikuwa mkononi mwa Douane. Kwa furaha ya kupata njia ya kutoroka, na shingo ikiwa haijashuka vizuri, Douane hakuangalia ni nani.

"Tanganyika Mbele, Kalemie, ninasikiliza."

"Kalemie?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyuma yake kuku na mchi. "Mukwe yangu iko wapi? Hii ndiyo namba Chadrack alitupa."

Sukuma akaruka kutoka kwenye pikipiki.

"Ni Mama ya Rosine," sauti ikaendelea. "Kumbe ninyi wa Kalemie ndiyo munamuuzia moto? Vizuri. Wazee wako hapa mbele yangu, Rosine naye anasikia. Munijibu sawasawa. Moto iko ao haiko?"

Douane akamwangalia Sukuma. Akaniangalia mimi, kana kwamba nina shairi la hapo. Dernier-Prix aliweka kiganja juu ya kiti cha baiskeli, taratibu, na ile nailoni ya njano ikalia chini ya mkono wake. Akainua nyusi.

"Iko, Mama," Douane akasema.

"Na nailoni?"

"Na nailoni."

"Watu wa Kalemie munaongea sana, ninawajua. Uniahidi na jina yako. Jina ya duka sitaki."

Douane akavua kofia. Akaitazama baiskeli yake kwa muda, kuanzia kengele mpaka taa ya nyuma, kama mtu anayemsindikiza mtoto anayekwenda kusoma mbali. Ile sauti nene ya patron ikamtoka, ikabaki yake.

"Mama, mimi ni Bulaimu, wa hapa hapa Kasongo. Ninakuahidi mbele ya hawa wote: Jumamosi Rosine atapanda moto ya nailoni. Mimi nitakuja nyuma, kwa miguu."