Nilivyokalia Pumba Langoni kwa Mama Deo

Leo nimejivua nguo mbele ya halmashauri. (Nguo zenyewe nilibaki nazo, ila zimebadilika rangi.)

Wengi mnajua nimerudi Ifakara baada ya kuzunguka miaka mingi. Nimepata kibarua kwenye saiti ya jengo la maduka, Viwanja Sitini. Nilipokuwa kidato cha pili pale palikuwa majaruba ya mpunga, tukitoka shule tunakamata kambale kwa mikono. Siku hizi pana kifusi kirefu kuliko mimi. Mvua ikinyesha, kifusi kinayeyuka na kuteremka kwa Mama Deo, jirani yetu wa bondeni. Mara mbili tope limeingia mpaka jikoni kwake. Mara ya pili lilizima moto, maharage yakiwa hayajaiva.

Mama Deo akaenda kushtaki. Afisa mazingira wa halmashauri akatoa neno moja tu: tope likivuka lango la mama huyu mara ya tatu, saiti inafungwa. Maana yake vibarua ishirini na wawili tunakaa nyumbani masika nzima.

Fomeni wetu, Fundi Kasimu, akaniita.

"Mzee wa Safari," akasema. (Ndivyo wanavyoniita. Wanadai kila sentensi yangu inaanza na "nilipokuwa Tunduma".) "Maji na tope, hiyo ni kazi yako. Jaza viroba mchanga, panga safu mbili chini ya kifusi. Afisa anakuja kukagua keshokutwa."

Sasa, mchanga uko mtoni Lumemo. Na mchanga ni mzito. Lakini nyuma ya mashine ya kukoboa, hatua chache tu kutoka saiti, kuna mlima wa pumba za mpunga, bure kabisa. Ukijaza pumba kwenye kiroba ukashona mdomo, kinavimba vizuri kama kiroba chochote. Nikawaza: maji yatakiona kiroba, yatajuaje ndani kuna nini?

Fundi Kasimu alinitazama nikipita. "Mbona unabeba viwili kwa mpigo?"

"Mazoezi, fundi. Nilipokuwa Tunduma nilikuwa nabeba vitatu."

Leo saa nane mchana afisa akafika. Dada mmoja mpole, buti za mpira, daftari mkononi. Mama Deo alikuwa amesimama langoni kwake, kanga kaifunga kiunoni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Leo niletee tena tope, uone."

Wingu likashuka kutoka milimani, na mvua ikaanza bila salamu. Afisa akavitazama viroba vyangu. Safu mbili, zimenyooka. Nilijivunia, nakiri.

"Vimejazwa vizuri hivi?" akauliza.

Ningeweza kujibu ndiyo tu. Badala yake nikapanda juu ya kiroba, nikapigapiga mguu. "Dada, hapa hata tembo..."

Sikumaliza habari za tembo. Maji yalishajaa nyuma ya viroba, na chini ya miguu yangu nikahisi kitu kinapumua. Kikainuka. Nikakaa ghafla kwa makalio, nikakikumbatia. Safu yote ikang'oka, kiroba kimoja kimoja, kwa utaratibu, kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Mchungaji ni mimi, nimekaa juu ya mmojawapo.

"Shuka!" Fundi Kasimu akapiga kelele.

"Nashukaje?"

"Ulivyopanda!"

Tukateremka. Nimepanda malori ya mbao, ya vitunguu, hata la nguruwe, na lazima niseme ukweli: sijawahi kusafiri laini namna ile.

"Yesu na Maria!" Mama Deo akaruka pembeni. "Limekuja na mtu!"

Tukagonga lango. Viroba vikajibana kati ya nguzo mbili, vingine vikapanda juu ya wenzake, na mimi kileleni. Afisa na fundi wakaja mbio. Afisa akainama, akachungulia ndani ya ua. Maji yalikuwa yanapenya kidogo kidogo, karibu meupe. Tope lote limebaki nyuma, limezuiwa na pumba.

Nikajaribu kuinuka. Nilipoinua kalio moja, kiroba nacho kikainuka, na tope likachungulia.

"Kaa!" wakasema wote watatu kwa pamoja.

Nikakaa. Saa nzima. Fundi Kasimu alikuja na mwavuli. (Wa afisa.) Akatia kidole kwenye kiroba kilichopasuka, akanusa.

"Pumba?"

"Pumba, fundi."

Akapangusa kidole kwenye suruali. "Na mikoa yote hiyo uliyotembea," akasema, akaenda kuwatuma watu mawe na mchanga.

Kumbe leo jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali kwa Mama Deo. Mvua ilipopungua wakaanza kufika, miavuli na vitabu vya nyimbo, na njia ya kuingia ni ile moja tu, juu yangu.

"Samahani kaka, naomba bega."

"Pita tu, mama."

Wa tano akasimama, akaniangalia usoni. "Wewe si tulisoma wote? Nilisikia uko Zambia."

"Nimerudi."

"Naona."

Wakaanza kuimba ndani. Mama Deo akanitolea chai kwenye kikombe cha bati. "Kunywa, lakini usitikisike."

Mawe yalipofika, wakanizungushia, wakapanga, ndipo nikaruhusiwa kusimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Afisa akatuonyesha alichoandika: saiti inaendelea, viroba vyote vijazwe mchanga kabla ya kesho jioni. Chini yake, kwa mwandiko mzuri: "Kizuizi cha sasa kinafanya kazi endapo kimekaliwa na mtu."

Fundi Kasimu amesoma sentensi hiyo kwa sauti mbele ya vibarua wote. Mara mbili.

Mimi nimehangaika mikoa saba nikitafuta kazi ambayo nikiondoka tu inakwama. Nimeipata leo, na ilinitaka nikae tu, nisitikisike. Kwa hiyo msicheke. Au chekeni, ila mkinikuta mjini msiniombe bega.