Povu la Buluu Juu ya Kitanda cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejipalia makaa mwenyewe. Mezani, mbele ya watu wote!

Mama mkwe amehamia kwetu, chumba cha nyuma. Juu yake ni bati tupu. Ikifika saa saba mchana chumba kile ni tanuri, na daktari amesema presha yake haitashuka akiendelea kuokwa. Mke wangu akasema tuweke dari. Kaka yake si seremala? Ataleta plaiwudi na kumaliza Jumamosi moja. Shemeji akatabasamu. Tabasamu lile! Tangu nimuoe dada yake ananiita Profesa, kwa sababu kazi yangu ni kuosha vioo kwenye maabara ya shule.

Nikasikia sauti ikisema plaiwudi haizuii joto, na kwamba mimi nitatengeneza povu la selulosi. Ilikuwa sauti yangu.

Shemeji akauliza selulosi ni ugonjwa wa nani. Nikamweleza: ni nyuzi za mimea zilizomo kwenye karatasi. Unaloweka, unasaga, unatia hewa, unakausha. Linabaki povu gumu, jepesi kama mkate uliokauka, na joto halipiti. Haya yote nilimsikia mwalimu wa baiolojia akiwaambia wanafunzi. Nilikuwa nabeba chupa kwenda kuziosha, sikusikia mwisho wake.

Mama mkwe akasema mwacheni mwanangu ajaribu. Nimepewa wiki tatu.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio la kwanza. Magazeti, maji, sabuni ya unga, blenda. Povu likapanda hadi ukingo wa sinia. Nikakimbia kuwaita watu. Tuliporudi lilikuwa limelala. Tope la kijivu!

Shemeji akauliza kama linaliwa kwa kijiko au kwa mkono. Mke wangu hakuuliza lolote kuhusu povu. Aliuliza kuhusu blenda. Blenda haitazungumza tena.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemuuliza mwalimu wa baiolojia, kwa niaba ya rafiki. Akasema rafiki asitumie gazeti, nyuzi zake fupi na zimechoka. Atafute karatasi nzuri, nyembamba. Atie uji wa wanga ili povu lishikane, na sabuni ya maji kidogo tu. Apige kwa kile chombo cha kupigia mayai mpaka povu lisimame lenyewe, kisha akaushe kivulini, taratibu. Halafu akauliza kama rafiki huyo ndiye anayekuja kazini na vipande vya gazeti shingoni.

Alinipa madaftari ya zamani ya wanafunzi, mzigo mzima. Karatasi nene. Mimi nataka nyembamba.

Nyuma ya mlango wa sebuleni zimening'inia ramani za nguo za mke wangu, karatasi za kahawia anazokatia magauni. Nyembamba ajabu! Nilizigusa tu kwa ncha ya kidole. Akasema, bila kugeuka kutoka kwenye cherehani, kwamba nikizigusa tena atanichukua vipimo vya sanda.

Jumapili, 9 Machi

Stoo, nikitafuta beseni. Nikakuta bati la biskuti lililofungwa utepe. Ndani yake karatasi za barua, za buluu, nyembamba kiasi kwamba mwanga unapita. Nyepesi kama pumzi!

Zilikuwa na maandishi ya mkono. Nikajitia hamnazo. Nilijiambia ni risiti za zamani. Risiti gani inayoanza na "Mpenzi wangu"? Sikusoma zaidi. Nilizigeuza zote kifudifudi, ndipo nikaziloweka, nizisage kinuni, maana blenda ni marehemu.

Bati lile lilikuja na mizigo ya mama mkwe. Nalijua hilo. Naliandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nilifunga utepe kama nilivyoukuta na kurudisha bati mahali pake.

Alhamisi, 13 Machi

Limekubali! Kipande kimoja, upana wa mto wa kulalia, rangi ya buluu iliyopauka. Nakiinua kwa vidole viwili.

Nilifanya jaribio mbele ya familia. Barafu kwenye mabakuli mawili juani. Moja nimelifunika kwa plaiwudi ya shemeji, jingine kwa povu langu. Ya shemeji ikawa maji, yangu bado donge. Shemeji akalimwaga bakuli lake, akasema plaiwudi ile ilikuwa ya zamani.

Nimeanza vipande vingine kwa madaftari. Vinakubali navyo, vizito kidogo tu. Kwa hiyo madaftari yangetosha. Jambo hili sitaki kulifikiria.

Jumamosi, 22 Machi

Dari limekamilika. Shemeji alipigilia fremu, mimi nikapachika. Vipande kumi na saba vyeupe, na kile cha buluu nikakiweka katikati, juu ya mto wa mama mkwe. Mahali pa heshima.

Saa saba mchana mama mkwe akalala usingizi, mara ya kwanza tangu aje. Alipoamka alinishika mkono, akaniombea dua ndefu. Akasema hajapata mkwe kama mimi. (Ana mkwe mmoja tu.) Halafu akawa anatazama juu.

Nimetembea kutwa kifua mbele. Kichwa kimenivimba hadi kofia hainienei.

Jumapili, 23 Machi

Maji shingoni.

Leo ni siku aliyofariki baba mkwe. Sikuijua desturi yao. Kila mwaka siku hii mke wangu huenda kwao; kumbe hufungua bati la biskuti na kumsomea mama yake barua, moja tu, kwa kuwa mama mkwe vya karibu havioni tena. Sindano iliyo mkononi mwake haioni. Lakini mtu akipita kule mwisho wa barabara, atakwambia kamba ya kiatu imelegea.

Bati likaletwa. Utepe ukafunguliwa. Tupu!

Nyumba ikapinduliwa. Mimi nilitafuta kuliko wote. Niliingia chini ya vitanda. Nilipanda juu ya kabati. Nilitoa jasho la kweli kwa kutafuta kitu nilichokisaga mwenyewe. Mke wangu akaketi sakafuni na bati mapajani, akalia, akasema ule mwandiko ndio ulikuwa mkono wa baba. Nikasema panya. Shemeji akauliza ni panya gani anayefungua utepe na kuufunga tena.

Jumatatu, 24 Machi

Mama mkwe ameniita peke yangu. Alikuwa amelala chali. Alinyoosha kidole juu, basi.

Nilipanda kigoda. Kwenye pembe ya kile kipande cha buluu kuna kijikaratasi ambacho hakikusagika, urefu wa kidole. Wino umefifia lakini unasomeka: "usisahau kufunga dirisha". Mimi nilihitaji kigoda. Yeye aliusoma kutoka kwenye mto.

Akasema ni barua ya mwaka wa pili wa ndoa, mumewe alipokuwa kazini mbali, msimu wa mvua. Akasema ameiona tangu Jumamosi alipoamka. Alikaa kimya ili asikie nitasema nini. Na mimi nikasema panya!

Uso sina pa kuuweka. Nilishuka kigodani nikapiga magoti, nikalia kama mtoto. Nimeaibika mbele ya mkwe, mbele ya marehemu, mbele ya kipande cha povu nilichokitengeneza mwenyewe. Nikasema nitakibandua. Akakataa. Mumewe kwa miaka yote alihangaika mkewe asipate joto wala baridi, akasema, basi aendelee.

Akasema binti yake hatamwambia ukweli, kwa sababu hataki binti apoteze barua za baba, na mume pia, kwa siku moja. Atamwambia zipo, ameziweka juu. Barua zote arobaini na moja anazo kichwani. Yeye atazisema, mimi nitaziandika, kila Jumapili moja. Na kuanzia leo sigusi kitu cha mtu kabla ya kuuliza. Nikaapa. Akaniambia niape tena, nikiangalia juu. Nikaapa tena.

Jumapili, 30 Machi

Barua ya kwanza. Afadhali angenichapa.

Mke wangu akiwa jikoni, mlango umefungwa, mama mkwe kafumba macho, ananisomea: mpenzi wangu, usiku nimeiota shingo yako. Shingo! Ya mama mkwe! Kwa mkono wangu! Nilitazama ukuta. Nikaomba kwa heshima zote kama tungeweza kuiruka shingo. Akasema haturuki kitu. Nikaandika "shavu". Akaniambia nimsomee, akasikia shavu, akanifanya nianze upya kwenye karatasi safi.

Shingo imo kwenye barua nyingi, amenionya.

Nilipomaliza aliishika ile karatasi kifuani kwa muda, ingawa haioni. Nilitoka nikakaa nyuma ya nyumba. Sijawahi kujisikia mdogo hivi. Nimejifunza. Naandika kwa herufi kubwa: NIMEJIFUNZA.

Jumatano, 2 Aprili

Shemeji amenifuata kazini. Ameniita Profesa na hakucheka! Ana mteja, mtu mkubwa, anayetaka dari la namna ile kwa nyumba nzima. Atakuja Jumamosi kuona sampuli. Lakini isiwe ya madaftari, akasema, iwe nyepesi kama ile ya buluu. Nikamwambia hakuna shida.

Karatasi nyembamba, tena kabla ya Jumamosi! Nimezunguka maduka mawili. Nene tupu. Nikarudi nyumbani nikafunga mlango wa sebuleni, na nyuma yake nikaziona. Za kahawia. Zimetulia.

Nikakumbuka kiapo. Mimi si mtu wa kuvunja kiapo. Nikauliza. Nikauliza kwa sauti, kwa adabu, mara mbili, kama naweza kuzichukua. Mke wangu amekwenda kununua uzi. Mama mkwe amelala chini ya dari lake. Hakuna aliyekataa.

Beseni limejaa. Karatasi za kahawia hulainika upesi kuliko za buluu. Ya mwisho kuzama ilikuwa na mwandiko wa mke wangu pembeni: gauni la Mama, shingo ya mviringo. Sikusoma zaidi.