Kibodi ya Chuma na Meza ya Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ndiye mchapaji bora kuliko wote waliowahi kugusa kompyuta, na nasema hivi kwa unyenyekevu. Natumia vidole viwili tu. Wenzangu wanahitaji kumi! Anayebeba gunia kwa mikono miwili na anayelibeba kwa kidole, nani mwanamume?

Leo nimepata silaha. Kibodi! Si kama hizi za dukani kwa Shangazi, plastiki tupu, ukiishika katikati inapinda kama sinia la bati, na kubonyeza ni kama kubonyeza mkate uliolowa. Hii yangu ilitupwa na ofisi moja iliyofungwa, ikaangukia kwa mzee wa vyuma chakavu. Yeye mwenyewe aliiweka upande wa vyuma, si wa plastiki. Mzee anajua! Chini ina bamba la chuma. Ukimpiga nayo mwizi, mwizi ndiye atakayehitaji fundi. Waya mnene kama mkia wa panya buku. Na vitufe, mama yangu wee! Kila kimoja kina springi yake. Unakibonyeza, kinakuzuia kidogo kama bawabu anayeuliza unakwenda wapi, halafu kinakuruhusu. TOK! Kisha kinakurudishia kidole chako juu, kwa heshima zote.

Nimebadilishana naye kwa viatu vyangu vya ngozi. Nimerudi pekupeku. Mama kauliza viatu viko wapi. Nikamwambia mtu mwenye vidole kama vyangu hahitaji miguu. Akasema basi nisiende mezani kula, nitumie vidole kujivuta.

Silaha imekuja wakati wake. Shangazi anafungua duka la pili la kuchapa na fotokopi. Hili la kwanza anamwachia mmoja wetu, mimi au Binamu. Jumamosi tunashindanishwa. Mshindi anakaa meza ya mlangoni, ndiye mkubwa wa duka. Nikauliza, na atakayeshindwa? Shangazi akasema Binamu akishindwa tutaona. Mimi nikishindwa, baba anangoja mtu wa kuzoa kinyesi bandani. Kuku wa baba nawajua. Nao wananijua. Hatupendani.

Binamu ni binti wa shangazi mkubwa. Haongei. Anachapa huku ameangalia ukuta! Mtu asiyetazama anachofanya ataniweza wapi?

Jumanne, 4 Machi

Nimeiunganisha. TOK!

Kinyozi wa jirani akaja mbio na wembe mkononi. Anauliza nani anapigilia misumari, nusura amkate mteja sikio. Nikamwambia hiyo ni sauti ya kazi, aizoee. Akasema kazi yake haina sauti na watu wananyolewa. Wivu.

Mpango wangu ni huu. Mpita njia akisikia tok tok anajua humu kazi inafanyika, anaingia. Kibodi ya Binamu haisikiki kabisa, kama paka anatembea juu ya godoro. Nani ataingia kwa sauti ya paka?

Tatizo dogo. Shangazi hukaa chumba cha nyuma kwenye mashine ya fotokopi. Hanioni. Siku zote nilitafuta herufi zangu kwa raha, yeye hajui. Leo ananisikia. Tok. (R iko wapi? Jana ilikuwa hapa hapa.) Tok. (Aa, kumbe huku.) Tok. Akatokeza kichwa, akasema nachapa kama mtu anayepapasa sarafu gizani. Akasema barua ya mistari minne ameisikia yote, herufi moja moja, na kwamba kati ya neno "Ndugu" na jina la huyo ndugu alipitiwa na usingizi.

Binamu akacheka. Bila sauti, mabega tu.

Nimesalitiwa na springi zangu mwenyewe!

Jumatano, 5 Machi

Akili ni nywele, na zangu ni msitu. Dawa ya ukimya ni kelele. Kumbe rahisi! Wakati natafuta herufi kwa macho, vidole vinachapa chochote, haraka, kwa fujo. Nikiipata naibonyeza. Takataka nafuta baadaye. Tokotokotokotok! Shangazi akaita kutoka nyuma, mwanangu leo umeamka na vidole vya nani? Nikamjibu, vya ukoo, Shangazi. Akacheka kwa furaha. Akanipa kazi ya fundi bomba, makisio anayotaka kupeleka kwa mwenye nyumba fulani.

Kufuta nilisahau. Si kote! Ukurasa wa kwanza ulikuwa safi kama sahani ya mgeni. Zilizofuata ndizo zilizokuwa na vurugu. Fundi bomba akazisoma zote, taratibu, amekunja uso. Akauliza kama hayo ya nyuma ndiyo yale masharti madogo madogo ya mkataba. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri sana, mwenye nyumba ataogopa. Akaondoka anapiga mluzi. Sasa nani kasema sijui kazi?

Jioni karudi bila mluzi. Shangazi akamchapia upya kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akampigia simu baba, akamuuliza kuku wanaendeleaje. Akanitazama muda wote anajibiwa. Wazima, wote wazima.

Ijumaa, 7 Machi

Jana sikuandika. Nilikuwa nafikiri. Kumshinda Binamu kwa mbio haiwezekani. Si kwamba sina mbio, siku zimebana tu. Basi mbio zake ndizo zipunguzwe.

Nimegundua siri. Kila kitufe cha kibodi yangu kimevaa kofia yenye herufi, na kofia inavulika! Ile ya plastiki ukijaribu hivyo inakatika mguu. Hii inavulika na kuvalika bila ufa. Ndio uzuri wa kitu kilichoundwa na watu waliomwogopa Mungu.

Shangazi kaenda benki. Binamu kaenda kununua karatasi. Nikachukua mpini wa kijiko. Pok, pok, pok. Zikawa rundo mezani kama meno ya ukoo mzima. Nikazipanga upya, A, B, C mpaka Z. Kwa kweli inapendeza zaidi! Aliyezipanga mwanzo aligombana na mwalimu wake. Kofia nyingine zilikataa kukaa sawa, moja juu, moja chini, moja imelala ubavu. Nikazikandamiza kwa gumba. Zikanyamaza.

Binamu aliporudi nilikuwa mkarimu kupindukia. Nikamwambia dada yangu, damu nzito kuliko maji, kesho tumia kibodi yangu ya chuma, mimi nitajikaza na hii ya plastiki. Akaniangalia. Akauliza kama nina homa. Nikasema ni upendo tu. Akasema, "Asante, kaka." Kaka! Kidogo nione haya.

Kidogo tu.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Kazi ya mashindano ilikuwa maisha ya Mwalimu mstaafu. Kayaandika mwenyewe, rundo la karatasi, mwandiko kama sisimizi waliokimbia moto. Shangazi kampa kila mmoja wetu kurasa zake. Mwalimu mwenyewe kaketi katikati yetu, mwavuli magotini, kama hakimu wa mpira.

Binamu akaweka vidole. Akasita. Akapapasa, kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta kitanda kimehamishwa. Akatazama chini. Mimi nikatazama dari. Akanitazama mimi. Nikaendelea na dari, dari yetu nzuri sana. Nikasikia amevuta pumzi. Nikasema moyoni, kwisha habari yako, dada.

Akaanza.

Jamani! Haikuwa tok. Ilikuwa choroko zinamwagwa kwenye sinia bila kukoma, na mwisho wa kila aya kishindo kimoja kizito, kama mlango wa kabati zuri unafungwa. Watu wakasimama mlangoni. Kinyozi akaja na mteja wake, upande mmoja umenyolewa, upande wa pili bado msitu, na hakuna aliyelalamika. Binamu macho yake yako kwenye karatasi ya Mwalimu. Herufi hakuzitazama tena hata moja! Mimi nimehangaika kuzipanga, yeye hata hazisomi! Ufedhuli gani huu?

Na mimi? Mimi niko kwenye mkate uliolowa. Kile kitufe kirefu cha kuacha nafasi kinataka kupigwa ncha ya kulia, kwa gumba, kwa hasira. Binamu anajua. Mimi nani aliniambia? Na A ukiibonyeza hairudi, inabaki chini inachapa peke yake. Mwalimu akainamia skrini yangu, ukurasa ule mmoja niliofikia nusu, akausoma kwa sauti: "Nilizaliwaaaaaaakatikafamiliayawatuwaaminifu." Akashusha miwani. Akasema anajua alizaliwa akilia, ila mama yake hakumwambia kama ni kiasi hicho. Mteja wa kinyozi akashika ukuta kwa kicheko.

Ningevumilia yote. Lakini Shangazi akaketi kwa Binamu arekebishe jina la mke wa Mwalimu. Na Shangazi, kama mimi, hutazama herufi. Damu ni damu. Akabonyeza, likaja jina la mdudu. Akafuta. Akabonyeza tena kwa nguvu, likaja la mdudu mwingine. Akainama. Akasoma kwa sauti, A, B, C, D... Akauliza nani kafanya hivi. Aliuliza huku ananitazama mimi, kwa hiyo halikuwa swali.

Ndipo Binamu akafungua mdomo. Mama mdogo, akasema, kofia zilivuliwa zifutwe vumbi, zitarudishwa Jumatatu. Basi. Kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya bahasha! Shangazi akamuuliza sasa umechapaje. Akajibu kwamba herufi hazijahama, zilizohama ni kofia.

Watu walipotawanyika akaniinamia sikioni. "Kaka, F na J zina vipele kwa chini. Vidole vyangu huanzia hapo. Umevipeleka vipele matembezini." Akaendelea, huku akipanga karatasi, kwamba kofia za kila mstari zina kimo chake, na mimi nimechanganya ndefu na fupi, kachapa kama mtu anayeshuka ngazi iliyobomoka. Nikamuuliza kwa nini hakunisema. Akasema alikuwa na kazi.

Nimekwenda kupapasa. Kweli. Vipele! Vidogo kama chunusi za kwanza.

Meza ya mlangoni ni ya Binamu. Kibodi ya chuma nayo inabaki pale mezani, kaamuru Shangazi, maana duka zima limeona nani anaiweza. Baba amepigiwa simu. Kasema nije na ndoo.

Jumatatu, 10 Machi

Sikwenda kwa kuku!

Asubuhi nilipita dukani kuaga, ndoo mkononi, uso wa msiba. Nikamkuta Binamu anamweleza Shangazi kwamba mwandiko wa Mwalimu unampotezea siku. Kwamba anamjua mtu mmoja tu mwenye mwandiko mbaya kama ule, na wachawi hujuana. Afadhali huyo asome kwa sauti, yeye achape. Shangazi akaitazama ndoo yangu. Akasema wiki moja. Akasema ndoo niiache pale pale mlangoni niwe naiona.

Kwanza nikarudisha kofia. Binamu alitazama juu, akanitajia moja moja mahali pake, mimi nabandika. Hakukosea hata moja. Hakuna aliyemuuliza kama anajivuna.

Sasa tuseme ukweli. Nani mkubwa wa duka? Neno haliandikwi mpaka nilitoe mimi. Nikinyamaza, meza ya mlangoni inanyamaza. Nikikohoa, anangoja. Kinyozi nimeshamweleza kwamba nimepandishwa cheo na nimepewa karani. Kasema hongera, na ndoo je? Wivu tena.

Halafu haya maisha ya Mwalimu, ni makavu, makavu! Kurasa na kurasa anasahihisha hesabu. Nikamwonea huruma. Nimemwongezea chui. Anakabana naye uani mwa shule, anamshinda kwa rula. Binamu akasimamisha vidole, akauliza kama kweli imeandikwa hivyo. Nikamwambia achape, mwandiko naujua mimi. Akachapa. Kesho namtia kwenye mafuriko, anaokoa darasa zima kwa mwavuli. Mwalimu atalia kwa furaha. Shangazi ndiye atakayesoma kwanza kabla ya kuchapisha, lakini Shangazi anapenda hadithi.

Mambo yangu yote yamenyooka, basi. Jambo moja tu ndilo lililokwenda kombo kweli. Naliandika hapa. Kwingine nitakana.

Mchana Binamu alitoka kwenda kunawa mikono. Kibodi iko mbele yangu, inanitazama. Nikaketi kitini pake. Sikutaka kuchapa kitu. Nilitaka kusikia tu. Nikabonyeza kitufe kimoja, kimoja tu, kwa upole. Kikanizuia kidogo, kikaniruhusu, kikanirudishia kidole.

Tok.

Kinyozi akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta: "Wewe! Mwachie mwenyewe!"

Tok moja, bwana. Moja.