Ndizi za Embire Zimegoma Kuiva

Jumapili, 6 Julai 2025

Nimekwama. Nimeandika kwa herufi za kusomeka ili nisijidanganye. Miaka arobaini na miwili, na bado nalala chumba kilekile nilicholala nikiwa darasa la tatu, hapa Kanazi, kwa mama. Dirisha lilelile. Mgomba uleule dirishani. (Mama anasema huu ni mjukuu wa ule wa zamani. Hainisaidii.)

Jana nilikwenda Bukoba kwenye semina ya kujikwamua. Mtoa mada, kijana mwenye suti inayombana, alisema aliyekwama asifikiri sana, atembee. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Si kwamba sijajaribu. Nilipanda vanila, ikaota vizuri, ikaibiwa. Nilifuga sungura, wakachimba, wakaenda zao. Nilinunua mashine ya fotokopi kabla umeme haujafika kwetu. Kila nilichoshika kimeondoka, mimi nimebaki.

Na sasa Klaudia naye! Klaudia ni fundi cherehani wa Muleba, na ndiye kitu bora kuliko vyote vilivyowahi kunipata. Miaka minne tunapigiana simu na kukutana sokoni, nami kila mara namwambia nitakwenda kwao kujitambulisha mambo yangu yakinyooka. Leo amepiga. Shangazi yake wa Geita amempatia chumba cha kushonea. Gari linakuja kuchukua cherehani Jumatatu ijayo. Akauliza amjibu nini shangazi. Nikasema nitalifikiria. Mawe, mama yangu! Nitalifikiria! Mtu mzima!

Nimezunguka nyumba, nimepiga tena. Nimesema Jumapili nafika kwao, rasmi. Akasema haya, atanitazamia.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Haifai kuanza maisha mapya siku ya sikukuu. Nimepumzika.

Jioni nimemweleza mama. Ma Kokubanza, kama wote wanavyomwita, alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika, halafu papo hapo akaanza kutoa amri. Ukweni haendi mtu mikono mitupu, inatakiwa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Wala haendi peke yake, anatakiwa mshenga. Akamtaja mshenga. Rutashobya!

Rutashobya ni binamu yangu. Tulizaliwa mwezi mmoja, yeye akiwa wa kwanza, na tangu hapo hajaacha kunitangulia. Alioa kwanza. Alijenga kwanza. Hata upara alianza yeye. Na lubisi yake inasifiwa mpaka Maruku. Nimemwambia mama nitatafuta mshenga mwingine. Mama amesema ameshampigia, na amekubali kwa moyo mweupe. Huo moyo wake mweupe ndio unaonichosha.

Jumanne, 8 Julai

Nina mpango.

Lubisi nitaitengeneza mwenyewe. Baba yake Klaudia, Ta Anatory, atauliza imetoka wapi, nami nitasema imetoka mikononi mwangu. (Miguuni, kusema kweli, maana ndizi hukanyagwa. Lakini mikononi inasikika vizuri zaidi.) Atajua mkwewe ni mwanaume wa kazi. Klaudia atamsikia akisema hivyo. Geita itasahaulika.

Nimekata mikungu ya embire, ndizi zetu za pombe. Nimechimba shimo, nimewasha moto ndani likapata joto, nimepanga ndizi, nimefunika kwa majani ya migomba na udongo. Kazi safi kabisa. Rutashobya akapita, akasimama, akatazama. Akasema ningeanza jana. Nikasema jana ilikuwa Saba Saba. Akasema ndizi hazijui Saba Saba.

Akajitolea kuniletea dumu la lubisi yake ili nisihangaike. Nikakataa kwa heshima. Akarudia. Nikakataa bila heshima. Akasema sawa, ila shimo nisilifunue mpaka siku yenyewe, joto likitoka ndizi zitakaa tu. Kana kwamba mimi sikuzaliwa Kanazi!

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi nimefunua shimo. Mara moja tu, kuangalia. Bado mbichi.

Mchana nimefunua tena, kwa sababu asubuhi sikuangalia za pembeni. Za pembeni nazo mbichi.

Mama ameuliza kwa nini magoti yangu yana udongo. Nimesema nilikuwa nasali. Alifurahi sana, akanishika shavu. Nimejisikia vibaya mpaka saa kumi.

Saa kumi nimefunua kwa mara ya mwisho. Halafu tena kidogo, kuhakikisha kwamba nimefunika vizuri.

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya kukanyaga. Haiwezi kusogezwa: leo kukanyaga, kesho ichachuke, kesho kutwa Muleba.

Ndizi zimetoka shimoni kama zilivyoingia. Chache zilikuwa na manjano, na hizo nadhani zilikuwa nayo tangu mwanzo. Nimezimenya kwa kisu, maana maganda hayakukubali. Nimezitia kwenye mtumbwi wa kukanyagia, ule wa marehemu baba, nimeweka nyasi, nimeosha miguu, nimepanda. Nikaanza kwa wimbo.

Wimbo umeisha, hakuna juisi. Nimeanza wa pili. Ndizi zinateleza chini ya nyayo kama vipande vya sabuni, hazipondeki wala hazilii. Majirani wamekuja kunitazama, wengine wakaleta viti. Mama amenipa uji nikanywa nikiwa humohumo. Mtoa mada alisema nitembee. Nimetembea kutwa nzima, na jua lilipozama nilikuwa palepale, kwenye mtumbwi, katikati ya migomba ya kibanja cha mama yangu.

Hapo nilitaka kulia, nasema kweli. Si kwa sababu ya ndizi. Nilimwona Klaudia akipandisha cherehani garini, nami nikiwa bado mtumbwini, nakanyaga.

Nimeongeza maji. Mengi. Nimetia mtama uliokaangwa, nimefunika. Pengine Mungu atafanya jambo.

Jumamosi, 12 Julai

Mungu hakufanya jambo. Nimeonja. Ina rangi ya maji ya kufulia na ladha ya kijiti. Imechachuka kidogo upande mmoja wa ulimi. Nimeitia kwenye dumu hivyohivyo.

Jioni amekuja Rutashobya na dumu lake, eti la akiba. Nimelifungua kunusa tu. Mawe! Harufu yake peke yake ingetosha kuolea. Sasa madumu mawili ya njano yamesimama jikoni, huwezi kuyatofautisha. Mama amefunga kitambaa chekundu kwenye langu, ili huko ukweni ijulikane lipi ni la bwana harusi.

Nina mpango. Alfajiri nitakihamisha kitambaa. Lubisi ya Rutashobya itakuwa yangu, na yangu itakuwa ya Rutashobya. Hata sioni kama ni wizi. Alisema mwenyewe ni akiba.

Klaudia amepiga. Cherehani imeshafungwa kwenye gunia. Ameuliza kama kweli nakuja. Nikamwambia kuna jambo kubwa nimeliandaa. Akasema yeye hakuuliza jambo, ameuliza kama nakuja. Wanawake hawaelewi mipango.

Jumapili, 13 Julai

Naandika usiku, tumerudi, miguu inauma.

Alfajiri nilihamisha kitambaa bila kumwamsha mtu. Misa ya kwanza, kisha Muleba. Ta Anatory alitupokea kwa heshima zote, kahawa za kutafuna zikapitishwa, tukatafuna. Klaudia alikuwa amekaa na wanawake, amevaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe. Sikuweza kumwangalia vizuri. Nyuma yake, ukutani, cherehani ndani ya gunia.

Rutashobya alieleza tumekuja kutafuta nini. Anasema vizuri, simnyimi hilo. Nami kabla hajakaa nikasimama. Nikasema lubisi hii yenye kitambaa chekundu nimeitengeneza mwenyewe, tangu kukata mpaka kukanyaga, na kwamba lubisi ndiyo sura ya mwanaume. Sura ya mwanaume! Sijui niliitoa wapi.

Kwa desturi aliyeleta huonja kwanza. Nikajaza kibuyu, nikavuta funda kubwa la majivuno.

Kijiti.

Ilikuwa yangu! Kitambaa kipo, kinywa nacho hakidanganyi. Wote wananitazama. Nikameza. Nikatabasamu, nadhani. Nikampa Ta Anatory kibuyu kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka, huku nikitamani ardhi ipasuke.

Mzee akaonja. Akakaa. Akaonja tena, polepole, kama mtu asiyeamini. Akamgeukia mshenga, akauliza ni kweli kijana huyu ameikanyaga mwenyewe? Nikajua nimekwisha. Rutashobya ananijua tangu utotoni, na siku ya kunimaliza ilikuwa hiyo.

Rutashobya akasema ni kweli, waitu, mzee wetu. Akasema Ijumaa alinikuta mtumbwini asubuhi, akanikuta tena jioni, na hajawahi kumwona mtu akiteseka vile kwa ajili ya mwanamke. Kisha akaomba kibuyu, akanywa chote. Chote! Jicho moja lilimtoka chozi.

Ta Anatory akacheka mpaka akashikwa na kikohozi. Akasema lubisi ya namna hii hakuna mahali inauzwa, basi lazima kijana kaitengeneza mwenyewe. Akaagiza lifunguliwe dumu la pili, kwa usalama wa watu.

Klaudia aliniita barazani. Alisema miaka minne alikuwa akingoja nipande gari nije Muleba, ni hilo tu. Hakutaka vanila, hakutaka fotokopi, lubisi ndiyo kabisa. Ningekuja hata na mikono mitupu. Nikaanza kumweleza kwamba nilikuwa natayarisha mazingira. Akanikatiza. Akauliza namtaka au simtaki.

Nikasema nakutaka. Kumbe ni neno fupi hivi. Nikalia, naye akanifuta kwa pindo la lile gauni la bluu, huku akisema jamani Avit, jamani Avit. Nampenda. Naandika hivyo hapa kwa kuwa barazani neno hilo sikuwahi kulimaliza.

Shangazi amepigiwa. Cherehani haiendi Geita. Inakuja Kanazi, Septemba, baada ya harusi ndogo. Klaudia amesema ndogo, mara mbili.

Jumatatu, 14 Julai

Siri imefichuka. Mama amekiri wakati wa chai. Jumamosi usiku, mimi nikiwa nimelala, alinionea huruma akakihamisha kitambaa kwenye dumu la Rutashobya. Kwa hiyo mimi alfajiri nilikirudisha palepale, kwenye langu. Tumecheka wote wawili mpaka chai ikapoa. Baadaye nimetulia nikatafakari, na somo liko wazi: ningefunga vitambaa viwili.

Nimemshukuru Rutashobya. Kwa mkono, si kwa simu. Amesema lubisi ya harusi niiache kwake, ni zawadi yake. Nimemwambia ahsante sana ndugu yangu. Moyoni nimesema hapana. Ukiitazama vizuri, kilichonipatia Klaudia ni lubisi yangu. Yake haikusifiwa na mtu, ilinywewa tu.

Nina mpango. Wageni mia mbili. Lubisi yote naikanyaga mwenyewe, na kazi nimeianza leo kama jaribio. Mikungu ipo shimoni tangu saa tatu. Safari hii sina haraka, nina mpaka Septemba, na shimo sitaligusa kabisa.

Saa tisa nimefunua kidogo. Bado mbichi.